Anafungiwa mmoja, wanavuna wengi

*Mabaraza ya sanaa yanakagua mavazi, viuno na maneno ya wasanii wa kike. Swali la nani anaamua mwili wa mwanamke uonekane vipi, na nani anapata fedha kwa kuonekana huko, bado linasubiri.*

Kendwa ni kijiji cha ufukweni, kaskazini ya Unguja. Mwezi ukiwa mpevu, watalii, vijana wa mjini na wapenda muziki hujaa mchangani kwa sherehe ya usiku kucha. Februari 2024 aliyepanda jukwaani alikuwa mwimbaji Zuchu, mtoto wa Unguja.

Mwanzoni mwa Machi, Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni Zanzibar, BASSFU, likatangaza kumfungia miezi sita asifanye sanaa visiwani, pamoja na faini ya shilingi milioni 1. Maneno na ishara zake za jukwaani zilielezwa kuwa zimekiuka mila, desturi na silka za Wazanzibari. Msanii aliomba radhi.

Waliolipongeza baraza walikuwa wengi. Waliomtetea msanii nao hawakuwa wachache. Kati ya makelele hayo jambo moja lilipita bila kuangaliwa vya kutosha: huyu aliyeambiwa amevunja mila amezaliwa na mwanamke ambaye taifa zima linamwita malkia wa mipasho.

Mama na mtoto

Khadija Kopa alitokea Zanzibar, akaja Bara, na katika miaka ya 1990 alijaza kumbi akiwa na Tanzania One Theatre, kundi lililokuwa karibu na CCM. Upande wa pili lilikuwa kundi la Muungano, na nyota wao Nasma Khamis Kidogo. Watu walilipa kiingilio kwenda kusikia leo nani anamrushia nani kijembe.

Aliyewahi kukaa kwenye kumbi hizo anajua nyimbo zile zilibeba nini. Zilibeba wivu, uke wenza, mapenzi, mambo ya chumbani, yote yamefungwa kwenye fumbo. Wanawake waliovalia sare walinyanyuka vitini kwenda kutunza, noti mkononi, huku mwingine akipunga ile noti kuelekea meza ya hasimu wake ili aelewe kwamba ubeti huu ni wake. Viuno vilizungushwa. Waheshimiwa walikuwepo na walipiga makofi.

Kwa hiyo hoja kwamba mwanamke wa Kiswahili ameanza jana kuimba matamanio yake haina mashiko. Kwenye unyago wa pwani, kungwi humfundisha mwari kuhusu mwili wake, usafi wake, na raha yake mwenyewe na ya mumewe, kwa ngoma na kwa kiuno. Somo hilo lilikuwa wazi kuliko video yoyote ya Bongo Fleva. Lilikuwa pia na mlango, na wanaume walibaki nje.

Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alikuwa mwalimu wa unyago kabla dunia haijamjua kama mwimbaji. Alipoipeleka ngoma ile kwenye majukwaa ya Ulaya, wapo wanawake wa Unguja walionung'unika kwamba siri ya ndani inamwagwa. Manung'uniko yao yalikuwa na uzito. Hawakusema kwamba kiuno ni haramu. Waliuliza kwa nini kionekane na mtu asiyehusika.

> Kwenye unyago wanawake ndio walioshika ufunguo wa mlango. Kwenye video, ufunguo ameshika mtu mwingine.

Hapo ndipo mabadiliko yalipo. Kamera imeingia, mlango umeondolewa, na mtazamaji mkuu amekuwa mwanamume ambaye hayumo katika mazungumzo yale. Mwaka 1975 mwanazuoni Mwingereza Laura Mulvey aliandika kuhusu sinema za Hollywood kwamba kamera yenyewe humtazama mwanamke kwa jicho la mwanamume: yeye anatenda, mwanamke anaangaliwa. Aliandika kuhusu Marekani, lakini mtu akiangalia video kumi za Bongo Fleva mfululizo atayaona maneno yake. Mwimbaji anaonyeshwa usoni. Wasichana wanaonyeshwa mapaja, kiuno, mgongo, na mara nyingi sura haionekani kabisa.

Sura ya Siti

Historia ya muziki wetu ina mfano wa mapema wa mwanamke kupimwa kwa umbo. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba miaka ya 1880, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na sauti yake ikawa ya kwanza ya mwanamke wa Afrika Mashariki kuenea kwa njia hiyo. Inasimuliwa kwamba wapinzani wake, waliposhindwa kuitoa kasoro sauti, waliigeukia sura. Walisema hana uzuri, hana asili. Naye, kama simulizi zinavyotuambia, alijibu kwa wimbo.

Siti hakuishia kujitetea. Mmojawapo wa nyimbo zake mashuhuri, Kijiti, unahusu mwanamke aliyeuawa na mwanamume, na mahakama ambayo badala ya kumpata muuaji iliwageukia mashahidi. Huyo ni msanii wa kike, karibu miaka mia iliyopita, akihoji haki ya mwanamke mbele ya dola.

Ndiyo sababu Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoundwa mwaka 1987, kililipa jarida lake jina la Sauti ya Siti. Wanawake hao walianza kuhoji namna vyombo vya habari vinavyomwonyesha mwanamke wakati ambapo magazeti ya udaku yalikuwa bado hayajafurika mitaani. Baadaye walikuwa miongoni mwa waliopigania Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998. Anayesema ufeministi ni kitu kilicholetwa na mitandao ya kijamii anawafuta watu hao kwa mkono mmoja.

Kariakoo, 1968

Upande wa serikali nao una historia yake. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1969 sketi fupi, mawigi, krimu za kujichubua na nguo za kubana zingepigwa marufuku Dar es Salaam kwa jina la utamaduni wa taifa. Tarehe haijafika, vikundi vya vijana wa kiume viliwavamia wanawake Kariakoo, na polisi ikabidi waingilie.

Barua zikamiminika magazetini. Wengine waliunga mkono, wakisema sketi fupi ni ukoloni uliobaki. Wengine, wanawake wakiwemo, waliuliza mbona suti na tai za wanaume hazihesabiwi kuwa za kikoloni. Swali hilo halikujibiwa wakati ule, na kwa maoni yangu halijajibiwa hadi leo.

Mashindano ya urembo nayo yalipigwa marufuku katika miaka hiyo, yakarudi mwaka 1994 nchi ilipofungua soko. Tangu hapo tumekuwa na vitu viwili kwa pamoja: soko linalotaka mwili wa mwanamke uonekane, na vyombo vya maadili vinavyomwadhibu ukionekana. Msanii wa kike anatembea katikati yao.

Orodha ya waliofungiwa

Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, liliundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1984. Katika miaka ya karibuni limetumia meno yake mara nyingi. Mwaka 2018 ulianza kwa mwigizaji na mwimbaji Pretty Kind kufungiwa miezi sita kwa picha za mtandaoni. Mwaka huohuo Wema Sepetu, Miss Tanzania wa 2006, alifikishwa mahakamani Kisutu kwa video iliyorushwa Instagram, na Bodi ya Filamu ikamfungia. Desemba 2019 rapa Rosa Ree alifungiwa miezi sita na kutozwa faini kwa video ya wimbo. Januari 2021 ikawa zamu ya Gigy Money, kwa vazi alilovaa kwenye tamasha la Dodoma: miezi sita na shilingi milioni 1. Wasafi TV iliyorusha tamasha hilo nayo iliadhibiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA.

Haki itendeke: wanaume nao wamefungiwa. Nyimbo za Diamond Platnumz, Ney wa Mitego, Roma na Stamina ziliondolewa hewani mwaka 2018. Mwishoni mwa mwaka huo wimbo Mwanza wa Rayvanny na Diamond ulipigwa marufuku, na wao wenyewe wakazuiwa kwa muda kufanya maonyesho.

Lakini tazama namna adhabu zinavyotofautiana. Mwanamume, mara nyingi, huadhibiwa kwa alichosema. Mwanamke, mara nyingi, huadhibiwa kwa alivyo: nguo yake, paja lake, kiuno chake. Mwanamume akirudi, kifungo kimemwongezea jina na kiki. Mwanamke akirudi, anakuta ameshabatizwa jina la tusi, na watu wasiojua wimbo wake hata mmoja wanaujua mwili wake.

Zaidi ya hapo, video ya mwanamume yenye wasichana wanane waliovaa nguo za kuogelea inapochunguzwa, kinachojadiliwa ni mashairi yake. Wale wanane hawajadiliwi. Wamekuwa kama mapazia.

Wasiwasi wa wazazi

Sitaki kuwadogosha wanaolalamika. Panda basi la mkoani kutoka kituo cha Magufuli, Mbezi, na uangalie ile runinga iliyo mbele. Kuanzia Kibaha hadi Morogoro ni video mfululizo. Mzazi aliyempakata mtoto wa miaka saba hana pa kumgeuzia. Hakuomba, hakuchagua, na nauli amelipa. Mzazi huyo anapolitaka baraza lifanye kazi yake, ana haki.

Mashehe na wachungaji wanaozungumzia suala hili nao wanaona jambo halisi. Wanaona wasichana wanaokua wakiamini thamani yao iko kwenye umbo. Mitaa yetu imewahi kujaa dawa za Kichina za kukuza makalio, zikiuzwa kwa kificho na kutumiwa bila daktari. Mikorogo ya kujichubua iko pale pale licha ya miaka mingi ya katazo. Mahitaji hayo hayakuota yenyewe. Kuna picha fulani ya mwanamke inayorudiwa kila siku hadi msichana wa kawaida ajione ana upungufu.

Tofauti yangu na wao iko kwenye dawa. Wakiona tatizo hili wanamwangalia mwanamke aliye kwenye picha na kumwambia ajistiri. Aliyepiga picha, aliyelipia na aliyeichagua kwa kuwa inauza, hao hawaitwi.

Na majirani zetu wametuonyesha inakoishia njia ya kumwambia mwanamke ajistiri kwa nguvu ya sheria au ya umma. Rais wa Uganda alipoitia saini Sheria dhidi ya Ponografia mwanzoni mwa 2014, wanaume mitaani waliielewa kuwa ruhusa ya kuwavua wanawake waliovaa sketi fupi, na mwimbaji kijana aliwekwa rumande kwa video ya wimbo. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ikabatilisha vifungu muhimu vya sheria hiyo. Kenya, Novemba 2014, mwanamke alivuliwa nguo na kundi la wanaume kwenye stendi ya matatu jijini Nairobi, na wanawake wakaandamana wakidai haki ya kuvaa watakavyo. Kabla mwaka haujaisha Bunge la Kenya liliongeza kwenye Kanuni ya Adhabu kosa la kumvua mtu nguo kwa nguvu, kifungo kisichopungua miaka kumi.

Wanaharakati hawana kauli moja

Ndani ya harakati za wanawake kwenyewe kuna mvutano, na ni mvutano wa heshima. Wako wanaosema video hizi ni biashara ya mwili wa mwanamke na hakuna ukombozi ndani yake. Kizazi cha wanahabari na wanasheria walioanza kazi miaka ya 1980 na 1990 kimeegemea zaidi huko. Kwao, msichana anayenengua nusu uchi mbele ya mwanamume aliyevaa koti zito la baridi anatufundisha nani bwana na nani bidhaa.

Wadogo zao wanajibu kwamba mwanamke ana haki ya kuvaa atakacho na kuimba matamanio yake, na kwamba kila anaposema huu ni uamuzi wangu, jamii hukimbilia kumwambia ametumiwa. Wanauliza: kama Khadija Kopa aliruhusiwa, kwa nini binti yake akatazwe? Kama mnenguaji wa Twanga Pepeta alishangiliwa Mango Garden, kosa la wa leo ni lipi?

Mfano wa Twanga Pepeta unastahili kutafakariwa. Bendi hiyo iliendeshwa na mwanamke, Asha Baraka, na safu yake ya wanenguaji ilikuwa na majina makubwa, marehemu Aisha Madinda akiwemo. Wale walikuwa wafanyakazi wa bendi. Walijulikana kwa majina, walikuwa na mashabiki wao, na bendi nyingine ziliwagombania kama zinavyogombania mpiga solo. Mtu anaweza kuyapinga mavazi yao na bado akakiri kwamba walikuwa na kazi.

Mrembo wa video wa leo mara nyingi hana hata hilo. Anaitwa lokesheni kwa simu, anakaa kutwa, anapewa kiasi kilichokubaliwa kwa mdomo, au anaambiwa kwamba kuonekana kwenyewe ni malipo. Video ikifikisha watazamaji milioni tano YouTube, mapato yanakwenda kwa mwenye chaneli. Baada ya miaka mitano ameolewa, ana kazi benki au ni mwalimu, na picha ile bado inazunguka. Hana mahali pa kuomba iondolewe.

> Swali la kwanza la mwanaharakati liwe hili: alikubali nini, kwa mkataba gani, na anaweza kukataa bila kupoteza kazi?

Mimi nasimama hapo, na najua pande zote mbili zitaniona sijakaa sawasawa. Urefu wa sketi haunisaidii kujua kama msichana ametumiwa. Naweza kumwona amevaa nusu uchi naye ndiye aliyeandika wimbo, aliyemlipa dairekta na anayemiliki chaneli. Naweza kumwona amejifunika hadi kifundoni naye amefika hapo kwa kupitia chumba cha hoteli cha mtu mwenye uwezo wa kuurusha wimbo wake redioni.

Mlango wa nyuma

Hilo la mwisho lina jina mtaani na lina kifungu katika sheria. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinataja rushwa ya ngono: mtu mwenye mamlaka anayetaka mwili wa mtu kama sharti la kumpa ajira, cheo, haki au upendeleo. Tumezoea kukisoma tukifikiria vyuo vikuu na maofisi. Studio, menejimenti na meza za utangazaji nazo zina watu wenye mamlaka juu ya wasichana wa miaka 19.

Wasanii wa kike wanalizungumza hili wao kwa wao zaidi kuliko hadharani, na sababu inaeleweka. Anayesema anakosa kazi. Vanessa Mdee, mmoja wa wanawake waliofika mbali zaidi katika Bongo Fleva, aliacha muziki mwaka 2020 na akaeleza wazi jinsi shinikizo la tasnia lilivyomchosha. Ray C aliimba kwa miaka, akauza, akatunga, lakini jina lililomganda ni la kiuno kisicho na mfupa. Ukimuuliza shabiki wa wakati ule atataja kiuno kabla ya sauti.

Na kuna la picha za faragha zinazovuja. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuchapisha ponografia mtandaoni. Ni vizuri. Ila tumeona msanii wa kike ambaye video yake ya faragha ilivujishwa akisimama mbele ya kamera kuomba radhi kwa taifa. Simtaji, ametajwa vya kutosha. Aliyeibiwa aliomba msamaha kwa kuibiwa, na sisi waandishi wa habari tuliyaweka maneno yake kwenye kurasa za mbele bila kuuliza nani aliivujisha. Hata leo, mwanamke akivujishiwa picha, swali la kwanza la mtaani ni kwa nini alijirekodi.

Fomu ya kibali

BASATA husajili wasanii na kutoa vibali. Ina uwezo wa kuita, kuonya, kutoza na kufungia. Uwezo huohuo unaweza kuelekezwa kwingine.

Kabla video haijatoka, mwenye video anaweza kutakiwa kuonyesha mikataba ya kila aliyeonekana ndani yake, wanenguaji na warembo wakiwemo, kiasi walicholipwa, na makubaliano ya muda ambao picha zao zitatumika. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamtambua mcheza dansi kuwa mtumbuizaji mwenye haki zake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika, na picha ya mtu ni taarifa yake. Msichana aliyepigwa picha akiwa na miaka 20 anastahili kujua kwamba ipo tume anayoweza kuipelekea malalamiko.

Halafu kuna umri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto na inakataza kumtumia kingono, kwa malipo au bila malipo. Ofisa wa baraza akifika lokesheni, anaweza kuanza na kitambulisho cha Taifa au cheti cha kuzaliwa cha kila msichana aliyepangwa mbele ya kamera, kisha amuulize dairekta nani aliwaleta na nani anawarudisha nyumbani usiku. Kwa hilo hahitaji kanuni mpya. Sheria anazo mezani.